Barafu ya Mwezini na Mlango wa Bwana Baridi

Zamani barafu ilikuwa na mwenyewe, ikabebwa begani kwa adabu kama bwana harusi aliyezimia. Siku hizi inalala kwenye friji ubavuni mwa vichwa vya samaki, na hakuna anayeiamkia.

Bwana Baridi aliipa barafu ujana wake wote. Ghala lake lilikuwa nyuma ya soko: kuta nene, mlango mmoja mwembamba ulioligeuzia jua mgongo, na ndani vumbi la mbao la kuzuia joto, mpaka magotini. Sheria ilikuwa moja. Mlango haufunguliwi kutazama. Unafunguliwa alfajiri kutoa mali, basi. Aliyechungulia alitukanwa yeye, mama yake, na mkunga aliyempokea. Kisha friji zikaingia mjini, wateja wakayeyuka kabla ya barafu, na mzee akabaki na koleo lake la chuma na kibanda cha kulala kilichoegemea ghala, paa likining'inia.

Balaa juu ya balaa, binti yake wa pekee, mwalimu wa sayansi, aliolewa na fundi friji. Ndio waliokuja na pikapu kumchukua akaishi kwao.

"Siendi," alisema. "Nikakae kwa mtu aliyeniua kwa njaa?"

"Baba mkwe, hata shati ulilovaa nimekununulia mimi."

"Ndiyo maana linawasha."

Binti akaona bora ageuze mazungumzo. Akasema redioni wametangaza kwamba mwezini kuna barafu.

Mzee alicheka mpaka meno ya bandia yakayumba. "Juani vile, bila vumbi la mbao, bila hata gunia? Nani aliipeleka, mumeo na pikapu yake?"

"Wanadhani sehemu yake ililetwa na nyota zenye mikia, baba. Zimejaa barafu, zikaugonga mwezi. Ikipigwa na jua inageuka mvuke palepale, haisubiri hata kuwa maji. Lakini kwenye ncha za mwezi kuna mashimo ambayo jua halijaingia kwa mamilioni ya miaka. Mle baridi imeishikilia. Imekaa tu."

Mzee akaacha kucheka. Mwezi haukumhusu, kilichomuuma ni kusikia kuna ghala linalolishinda lake.

"Leteni pande moja hapa," alisema. "Nalifukia leo. Ijumaa mkilikuta, mniache nifie hapa. Likiwa limeyeyuka, napanda hiyo pikapu bila kelele."

"Bila kelele hutaweza," alisema mkwe, lakini akaenda kulichukua kwenye kiwanda cha samaki.

Mzee alilifukia kwa mkono wa bingwa: gunia chini, vumbi kavu pande zote, hakuna upenyo. Siku ya kwanza alikaa nje, mgongo mlangoni, kama askari. Siku ya pili akajiambia achungulie kidogo, kuhakikisha tu. Lilikuwepo, jeupe, zuri. Furaha ikampanda kichwani, akamwita kinyozi jirani aje aone. Kinyozi akamwita muuza mkaa. Muuza mkaa akaja na shemeji zake. Na Bwana Baridi, aliyetukana nusu ya mji kwa kuchungulia, alishinda mle ndani akifukua na kufukia, kama mtu anayeonyesha mjukuu mchanga.

Ijumaa binti alipochimba, mkono ulirudi na tope.

"Ulifungua, baba?"

"Upepo."

"Baba."

"Kinyozi ndiye..." Akalitazama tope. "Ile ya mwezini haina majirani, mwanangu. Hapo imenizidi."

Binti hakucheka. Alimfuta vumbi mabegani, akambebea koleo.

Mzee alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, katikati ya friji mbili mbovu, akizipa kisogo zote mbili kwa shida. Pikapu ilipoanza kuondoka, aliwaona kinyozi na muuza mkaa ndani ya ghala, mlango wazi kabisa, joto lote la mchana likiingia, wakipapasa vumbi la mbao kutafuta kama kuna kipande kilichosalia.

"Fungeni mlango, wapumbavu nyie!"

Wakadhani anawaaga. Wakampungia mikono yote miwili, wakicheka, na hawakuufunga. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.