Ekzosi Kwanza

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Iringa, maana lilikuwa limeanza kunguruma, na kila nikikanyaga breki linavuta upande. Fundi, kijana mwenye adabu zake, akaingia chini, akagonga hiki na kile, akatoka anajifuta mikono. "Dada, ekzosi imeoza, na breki nazo zimechoka. Leo nawahi kimoja tu. Tuanze na kipi?" Nikamjibu "Breki!" kwa ukali hadi wenzake wakageuka. Kijana wa watu akaduwaa. Nikaenda kukaa kwenye benchi lao nikalia, mtu mzima mimi, na hakuna aliyethubutu kuniuliza nina nini.

Basi wewe nikueleze. Nimekulia Ilomba, Mbeya, nyumbani kwa mwalimu. Baba alifundisha shule moja huko juu, ukipita Uyole na kushika barabara ya Tukuyu, mahali ambapo ukungu hauondoki mpaka jua lichoke kuusubiri. Kila asubuhi alipanda na gari lake, kila jioni akashuka nalo. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, au tuseme lilikuwa na rangi hiyo kabla mimi sijazaliwa. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba ya katani. Sakafu ya upande wangu ilikuwa na tundu, ukiinama unaona lami inakimbia, na moshi wote uliingilia hapo hapo. Mimi na kaka yangu alitushusha shuleni kwetu njiani, tunanuka kama tumelala jikoni.

Na kelele zake sasa! Bomba la moshi, hiyo ekzosi yenyewe, lilikuwa limezibwa kwa kopo la maziwa na waya, likazibuka, likazibwa tena, mwisho baba akaliacha lipige makelele yake. Bibi mzaa mama alipokuja kututembelea kutoka Iringa, aliusikia mlio ule akauliza kama mtaani kuna mtu ana trekta. Sisi tulicheka, lakini mlio ule ndio ulikuwa saa yetu. Jioni za Juni, baridi ya Mbeya inakata masikio, mama amekaa jikoni na maharage yanachemka, tukisikia tu ngurumo kutoka barabara kuu kila mtu anainuka. Mama anarudisha chai ya tangawizi motoni, kaka anazima redio na kukamata daftari, mimi napeleka maji ya moto bafuni. Hakuna aliyetumwa.

Breki zilikuwa habari nyingine. Ukikanyaga mara ya kwanza, hola. Unakanyaga tena, na tena, ndipo zinashika kwa kusitasita. Baba alizoea, mteremko wote anashuka kwa gia, taratibu, anaongea na gari kwa upole kuliko alivyoongea na wanafunzi. Mama akipanda alishika kiti kwa mikono yote miwili, na bismillahi yake ilianza nyumbani ikaisha tulikokwenda.

Honi nayo ilikuwa imekufa siku nyingi, na hakuna aliyeihuzunikia, kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa honi. Kule juu wanawake wauza viazi waliopanga ndoo zao ukingoni mwa lami waliusikia mlio tangu kwenye kona ya juu. Walivuta ndoo, wakavuta na watoto, wakawa wanacheka: "Mwalimu huyo!"

Sasa baba, nikwambie, alikuwa mtu wa haya. Hakuingia uani kwa mtu bila kupiga hodi tangu barabarani. Akikumbuka kwamba amempita mzee bila kumwamkia, alirudi nyuma kwenda kumwamkia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika amechelewa kwenye hitima ya arobaini kwa jirani. Sheikh ameinua mikono, watu wote kimya chini ya turubai, na gari letu hilo linaingia mtaani. Dua haikusikika. Watoto waliangua kicheko, wanaume wakaficha midomo kwenye viganja. Baba alikaa mkeka wa mwisho kabisa na pilau hakuigusa.

Kesho yake jirani, mzee mpole tu, akaja nyumbani. "Mwalimu, sisemi kwa ubaya. Lakini gari yako ile, ndugu yangu, jana hata marehemu kaisikia." Alikuwa anatania. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka.

Jumamosi akajiandaa kwenda kwa fundi wake, mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya. Fundi alishasema kwa siku moja anamaliza kazi moja, nyingine ingoje Jumamosi inayofuata. Mama akamfuata hadi mlangoni. "Mwalimu, breki kwanza. Kelele haziui mtu."

"Breki nazijua mimi peke yangu, mke wangu," baba akasema. "Ekzosi inajulikana na mtaa mzima."

Alirudi tukamkuta amesimama sebuleni! Redio inaimba, kaka amelala kwenye kiti, chai imepoa. Alifurahi, masikini baba yangu, akatutoa wote nje tusikilize gari linavyonguruma. Halikunguruma. Jirani alitoka akampa mkono.

Wiki iliyofuata, Jumamosi ya breki haijafika, jioni moja tulikula tukamaliza. Zamani tungejua kwamba amechelewa, mama angekuwa anatokatoka nje kutega sikio. Sasa kimya kilikuwa cha kawaida. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho, anaimbaimba, walipoingia walimu wenzake baba pamoja na jirani, na jirani ameshika kofia yake mkononi. Mama aliuangalia mkono ule wenye kofia akaanza kupiga kelele kabla hawajasema neno.

Matangani alikuja mwanamke mmoja wa viazi, kapanda gari kutoka kule juu. Alipiga magoti mbele ya mama. "Mama, sisi hatukusikia kitu. Tulikuwa tumekaa pale pale, watoto wanacheza barabarani. Tukamwona mwalimu katoa mkono dirishani, anapunga, anapunga. Tukajua anatusalimia. Na sisi tukampungia." Akalia, ndipo akamalizia kwamba mwalimu aliirudisha mikono yote kwenye usukani, akaligeuzia gari kwenye korongo.

Nilikasirika miaka mingi. Nilimkasirikia jirani, nikamkasirikia fundi, nikamkasirikia hata sheikh wa watu. Baba nilimkasirikia kuliko wote. Ningechekwa mimi maisha yangu yote, mtaa mzima unichezee shere, mradi yeye aingie na vumbi lake aulize kama tumesoma.

Tulihamia huku Iringa kwa bibi, na Ilomba sikurudi kuishi. Mama sasa ni mzee, macho yamepungua nguvu. Wajukuu wakimuuliza babu yao alikufa kwa nini, hataji gari wala breki. Anasema, "Haya ndiyo iliyomuua." Wao wanadhani ni maradhi. Juzi mdogo wao wa mwisho akamuuliza, kwa hofu kabisa, kama na wao yanaweza kuwapata.

"Hapana, mjukuu wangu," mama akamwambia. "Siku hizi yamekwisha."