Pilipili za Ukoo

Mpaka uzeeni, Bibi Josefita hakuwahi kumwaga ovyo maji ya kuoshea vyombo. Aliyapeleka bustanini, kata kwa kata, kama walivyofanya wanawake wote wa Zuni, kabila lake la jangwani, waliomlea.

Mjukuu wake Verlene alipoanzisha bustani yake, alijenga masanduku ya mbao yaliyoinuka juu ya ardhi, kama aliyoyaona gazetini, akapanda humo mbegu za mwisho za pilipili za ukoo. Upepo wa jangwani ukakausha udongo. Bibi alipofika, miche minne tu ndiyo ilikuwa hai. Akalipiga sanduku teke.

“We mtoto una wazimu? Umeuandalia upepo pilipili zetu mezani?”

“Bibi, nilidhani…”

“Ulidhani! Bibi zako walichimba vishimo, wakavizungushia kuta za udongo ili maji yatulie. Wao walikuwa wajinga, eti?”

Verlene alipiga magoti, akachimba vishimo vinne, akafinyanga kuta, akahamisha miche huku machozi yakimdondoka. Bibi alimsukumia ndoo ya maji ya vyombo kwa hasira. Wiki ile ile alifariki kabla hawajaonana tena.

“Usinililie kwenye pilipili,” alikuwa amemwambia siku ile kabla ya kuondoka. “Machozi yana chumvi.”