Mchuma Chai Aliyekuja Kusahihisha Habari Yangu

Ukitaka kucheka, cheka, lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, tena halikunipata usiku kama watu wanavyopenda kusimulia. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, kwenye barabara ya vumbi ya kupandia Kimulot, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Nasema hivyo kwa sababu mhariri wangu aliniuliza.

Miaka ya sitini ikielekea kwisha, nilikuwa mwandishi wa gazeti dogo la kila wiki. Mali yangu ilikuwa baiskeli, daftari na kiburi. Niliandika habari za watu wa kawaida: josho la ng'ombe limefunguliwa Kedowa, kwaya ya Fort Ternan imeshinda, mwalimu fulani amestaafu. Watu walikata habari zangu wakazibandika ukutani kwa uji wa unga. Nami nilijigamba kila mahali kwamba siandiki neno ambalo sijaliona kwa macho yangu. Uongo mtupu, kama utakavyosikia.

Kulikuwa na shamba moja kubwa la chai, jina lake nitaliacha. Wachumaji walivuka mto kwa daraja la magogo, na magogo yale yalikuwa yameoza. Kila mtu alijua, na meneja alijua. Jioni moja daraja likavunjika wachumaji wakiwa juu yake. Kesho yake nikafika. Je, nilikwenda mtoni? Sikwenda. Nilikaribishwa chai kwenye veranda ya meneja, nikapewa karatasi iliyopigwa chapa: karani ameita namba zote za wafanyakazi, zote zimeitika, hakuna aliyekufa. Nikanakili, nikaondoka. Bado najikasirikia kwa uvivu ule.

Wiki mbili baadaye, nikisukuma baiskeli kwenye kile kilima, nilimkuta mama mmoja amesimama kando ya barabara, kikapu cha majani ya chai mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso. Alikuwa amelowa chapachapa, maji yanamdondoka kwenye pindo la nguo. Nikadhani ametoka kisimani. Kisha nikatazama chini. Niamini, matone yalikuwa yanaanguka, na vumbi chini yake halikulowa.

"Wewe ndio ule bwana wa gazeti?" akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikasema ndiyo.

"Uliandika ati hakuna mtu alikufa kwa daraja. Sasa mimi niko wapi?"

Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Aliniambia jina lake ni Kemunto, kwao ni Kisii, na siku ile alikuwa anachuma kwa namba ya dada yake Kerubo, aliyekuwa amejifungua. Kama umewahi kuishi kwenye kambi za chai, unajua mambo haya. Mtu akiwa na mtoto mchanga, ndugu yake huingia shambani kwa namba ile ili asipoteze kazi na nyumba. Kila mtu anajua na hakuna anayesema.

"Jioni wakaita namba, dada akatoka kwa nyumba akaitika," akasema. "Mimi niko chini ya mti yenye ilianguka, pale maji inazunguka. Andika vizuri, baba. Mama yangu anafikiria nimetoroka na mwanaume."

Niliinama kutoa daftari kwenye mkoba. Nilipoinua kichwa, barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona.

Nilikwenda moja kwa moja kambini. Kerubo alikuwa mlangoni ananyonyesha. Nilipotaja jina la mdogo wake alinitazama kwa chuki ambayo sijaisahau. Kumbe alikuwa amemwambia nyapara tangu usiku ule ule. Unajua alijibiwa nini? Kwamba akirudia kusema mtu mwingine alichuma kwa namba yake, atatoka kwenye nyumba leo leo na mtoto wake. Gazeti lilipotoka, nyapara akamletea.

"Akaniambia, gazeti imesema hakuna mtu alikufa. Wewe unajua kuliko gazeti?"

Gazeti langu, maneno yangu, yametumiwa kumfunga mdomo dada aliyefiwa. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwangalia.

Kesho yake nilishuka mtoni na wazee wa kanisa lao. Tulimkuta pale pale alipotaja, chini ya mti ulioanguka, mkanda wa kikapu umenaswa kwenye mizizi. Akapelekwa kwao Kisii, akazikwa, na mama yake akamlilia kama binti aliyekufa kazini.

Nikaiandika habari yote upya, nikampelekea mhariri. "Nani alikuonyesha mahali?" akauliza. Nikamwambia ukweli, mjinga mimi, na ndipo akauliza habari ya pombe. Wazee walioubeba mwili hakutaka hata kuwasikia. Meneja aliposema hakuna aliyekufa, nani alimuuliza amejuaje? Habari haikuchapishwa. Daraja jipya likajengwa kimya kimya. Kerubo alifukuzwa kabla ya mwezi kwisha, kwa kosa la kuazimisha namba, akaondoka na mtoto mgongoni na sufuria mbili.

Niliacha gazeti lile nikaandikia mengine, miaka mingi. Tangu siku hiyo, penye ajali simuulizi karani. Napita nyumba kwa nyumba nikiuliza ni nani hakurudi kulala. Wenzangu waliniita mwendawazimu, na mpaka leo wapo wanaoniita hivyo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kazi hii ya kuandika habari, nakuonya. Ukiambiwa wote wako salama, weka kikombe chini uende ukaone. Usipokwenda, yule uliyemwacha atakuja kukuuliza mwenyewe, mchana kweupe, kwa adabu kabisa.