Bega la Mwalimu wa Zombe

Jumamosi ile nilipanga foleni kuandikisha jina katika mashindano ya kuogelea ya watu wazima, kwenye bwawa la hoteli moja karibu na mji wa Salama, kitambi changu kikinitangulia. Mbele yangu alikuwa mwalimu wa Zombe aliyevunjika bega mwaka uliotangulia.

"Mkono umepona, mwalimu?" karani akauliza.

"Umepona."

"Hebu inua."

Mkono ulifika kidevuni ukakwama. Akausukuma kwa ule mwingine, akitabasamu.

"Na mazoezi?"

"Silanga, lile bwawa letu, lilikauka. Mvua iliponyesha nikaingia, akina mama wakanitoa: 'Mwalimu, kwani unaoga kwa maji tunakunywa?'"

Karani akalifuta jina lake polepole.

"Basi niingie majini hawa wakimaliza kushindana."

"Wakimaliza tunafunga, mwalimu."

Mimi mwenye mabega mawili mazima niliogelea, nikawa wa mwisho, tena kwa mbali. Nilipotoka majini mwalimu alikuwa amenishikia taulo.

"Wewe ningekushinda," akasema bila hasira.

Nilijipangusa uso, nikaendelea kujipangusa hata ulipokauka.