Nilimpigia Mke Wangu Hesabu ya Mtori

Nimekosa, jamani. Jina nalificha kwa sababu wanafunzi wangu wanausoma ukurasa huu, lakini kosa silifichi.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, hapa Arusha mjini. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yangu alishuka kutoka Meru na mikungu mitatu ya ndizi, akaanza kumpikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kama anavyopikiwa mzazi yeyote wa kwetu. Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni supu na maziwa.

Mke wangu akanawiri. Majirani wakamsifu kwamba ametunzwa. Mimi roho ikaniuma! Nilimuoa mwembamba, nikataka abaki hivyo hivyo.

Nikachukua daftari. Uzito wa leo, jumlisha kalori zinazozidi kila siku, gawanya kwa zinazotengeneza kilo moja, zidisha kwa idadi ya siku. Mstari mnyoofu! Nikachora grafu, nikaibandika kwenye mlango wa jiko: ikifika Krismasi, kilo mia na nne.

Mama akaiangalia weee. "Mwanangu, na maziwa anayonyonya mtoto umeyaweka wapi hapa?"

"Mama, hii ni sayansi."

Nilimjibu hivyo mama yangu mzazi! Kesho yake nikampandisha gari arudi kwake.

Mke wangu nikampa bakuli moja kwa siku. Hakubisha, aliiamini elimu yangu, maskini. Akapungua kweli, na mimi mjinga nikawa natia alama kwenye grafu huku napiga mluzi.

Wiki ya tatu mtoto akawa analia titi likiwa mdomoni. Kliniki, nesi alimpima mara mbili, kisha akanigeuzia kadi. Mstari wa mwanangu ulikuwa unashuka.

"Baba, huyu mama anakula nini?"

Mke wangu akajibu mwenyewe, taratibu: "Nakula alichonipigia hesabu."

Ole wangu! Kutoka pale hakurudi kwangu. Alipanda Meru kwa mama yangu, na huko huko yuko mpaka leo. Mtoto ameongezeka, Mungu ashukuriwe. Lakini nikienda Jumapili, mama anaitikia shikamoo yangu, basi, hata kiti hanipi.

Juzi mke wangu aliniwekea bakuli la mtori, limejaa pomoni. "Kula," akasema. "Mimi sikupimii." Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima mimi.

Wanaume wenzangu, mzazi apikiwe mpaka ashibe. Hesabu zenu ziacheni darasani. Mimi jikoni kwangu imebaki grafu tu, na moto hauwaki.