Dansi Niliyokataa Kuipigia Makofi

Ile dansi ya barafuni watu wanaisifu mpaka leo. Mimi naichukia, na sababu ninayo.

Nilikuwa naendesha gari la kulainisha barafu katika ukumbi mmoja wa Riyadh, miaka ile sinema zilipofunguliwa na wanawake wakaruhusiwa kuendesha magari. Wakaja wachezaji wawili kutoka ng'ambo, mwanamume na mwanamke, kucheza pamoja mbele ya familia. Kitu kama hicho hatukuwa tumekiona pale. Kwenye mazoezi, yule mwanamume alichimba barafu kwa ncha ya kiatu chake. Niliona. Waliporudi mzunguko wa pili, mwenzake akanasa palepale, akaanguka kifudifudi.

Mwanamume akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye ameharibu barafu!"

Bosi wangu hakuuliza chochote. "Omba msamaha."

"Bosi, ni yeye mwenyewe..."

"Halas, basi! Omba msamaha, au ikama yako naifuta kesho."

Bila ikama, kile kibali cha kuishi, ningerudishwa Kenya. Nikaomba. Yule mwanamke, ameshika goti, alinitazama, kisha akamtazama mwenzake. Alijua. Akainama, akaanza kukaza kamba za kiatu.

Siku ya onyesho walicheza vizuri, siwezi kudanganya. Walizunguka wameshikana hata huwezi kujua mkono upi ni wa nani, na mwanamume alipomwinua mwenzake juu, akina mama walilia. Ukumbi mzima ukasimama. Mimi nilibaki kwenye gari langu, mikono mifukoni.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Jeddah, nikapanga chumba mtaa wa Hindawiyah na Wakenya wenzangu. Nilidhani nimeachana na wale wachezaji. Kumbe picha yao ilikuwa imebandikwa kwenye lango la kiwanja changu kipya cha barafu, na darasa zima limeanzishwa kwa ajili ya dansi ile. Mabinti na kaka zao walijaribu kuinuana vilevile, wakaanguka, wakachimba barafu yangu.

Siku moja mwalimu wao, dada wa Kisaudi, akasikia kwamba nilikuwepo Riyadh.

"Una bahati! Hebu waeleze watoto ilivyokuwa."

Nikawaeleza. Nilianza na lile shimo, kiatu kilicholichimba, na nani aliyeomba msamaha. Mwalimu akataka kunikatiza, sikumpa nafasi.

Binti mmoja akauliza, "Na yule mwanamke hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Yalla, mazoezi!" mwalimu akapiga kelele. Watoto wakaingia barafuni, wakaanza kuinuana. Mwalimu hakunisalimu tena mpaka mkataba wangu ulipoisha.