Mama wa Habiba Hayumo Kwenye Picha

Nimefuta picha ya pekee ya marehemu mama wa mtu.

Jamaa, nawaandikia barua pepe hii nikiwa bado ofisini hapa Dadaab.

Mnaikumbuka ile kamera yetu mpya isiyotumia filamu. Picha zake zinajaza kompyuta haraka, kwa hivyo bosi alisema nikishamaliza kuirekebisha picha, nibaki na iliyorekebishwa na nifute ile ya kwanza. Jana nikafanya hivyo.

Leo akaja Habiba, mama mkimbizi wa hapa kambini tuliyempiga picha akiteka maji.

Nikamfungulia picha yake kwenye kompyuta. Ametoka vizuri, uso unang'aa. Watu wa nyuma nilikuwa nimewakata wote ili aonekane yeye.

Akagusa kioo cha kompyuta.

"Hii ni mimi," akasema. "Hooyo alisimama hapa nyuma. Iko wapi?"

Hooyo kwa Kisomali ni mama, na mama yake alizikwa Ijumaa. Hakuwahi kupigwa picha nyingine.

Nikamweleza kwamba nilimkata, na ile picha nzima nimeifuta.

Hakunigombeza. (Afadhali angenigombeza.)

"Hii mashine ilimwona," akasema. "Wewe tafuta bolebole. Mimi nitangoja."

Nimetafuta kila mahali. Fundi wa Garissa nimempata kwa redio, akasema ikifutwa imefutwa.

Nimetoka mara mbili kumwambia Habiba kwamba haipatikani. Anaitikia, "Sawa," kisha anabaki palepale kwenye benchi.

Anayejua njia yoyote ya kuirudisha aniandikie sasa hivi. Ofisi inakaribia kufungwa, na mimi ndiye wa kumwambia ainuke.